Faili la Arobaini na Nne

Mume wangu alinishukuru kwa chakula kabla sijawasha jiko. Nilikuwa bado nakata sukuma wiki jikoni nikamsikia kutoka sebuleni: "Asante mama, chakula kilikuwa kitamu sana." Nikatoka na kisu mkononi. Oyugi alikuwa ameketi kitini pake, mdomo umefungwa, kitambaa cheupe shingoni, kidole juu ya kile kidude wanachokiita kipanya. Macho yake yalikuwa yakiomba msamaha. Alitaka maji, akabonyeza neno lililo jirani na maji.

Nitaeleza, maana hata mimi ilinichukua muda kuelewa, na kuna sehemu sijaelewa mpaka leo.

Mwezi wa pili Oyugi alipasuliwa koo. Daktari alituambia kile kidonda hakitaki mzaha. Kikitolewa lazima kitoke pamoja na kile kinachompa mtu sauti. Angekula, angekunywa, angepumua kupitia tundu dogo shingoni, lakini hangesema tena. Haya, mwambie mtu mwingine hayo. Huyu alikuwa msimamizi kwenye kiwanda cha nguo miaka ishirini na miwili, akipiga kelele kushinda mashine, na kelele ile alikuja nayo nyumbani Yamumbi akaiweka sebuleni pamoja na viti. Kiwanda kilipomwachisha, kanisa likampa kazi ya kusoma matangazo kila Jumapili. Alisoma bila kipaza sauti. Kipaza sauti alikiita mambo ya wavivu.

Siku moja kabla ya kwenda hospitali, binti yetu Marion alikuja kutoka Thika na kompyuta yake ya zamani. Akamkalisha baba yake mezani, akafunga dirisha, akawa anamrekodi. Neno moja moja, sentensi moja moja. Sauti ilikuwa imeanza kukwaruza, lakini ilikuwa yake. Baada ya hospitali Marion akayapanga maneno yale kwenye uso wa kompyuta, kila neno na kijipicha chake, jina chini, na kimshale kidogo kwenye kona.

"Hizi ni shortcut, Mum," akaniambia. "Baba hana haja ya kufungua folda atafute, atafute. Anabonyeza mara mbili tu, inaongea."

Vilikuwa arobaini na vitatu. Nilivihesabu siku ile ile. Mimi ni mtu wa kuhesabu: vikombe, kuku, viti vya plastiki ambavyo kanisa huazima na kurudisha vikiwa pungufu. Kulikuwa na MAJI, CHAI, NDIYO, HAPANA, NAUMWA, KARIBUNI WAGENI, TUOMBE, FUNGA MLANGO, MIWANI YANGU IKO WAPI, na hiyo ASANTE MAMA ambayo ilikuja kunitoa roho. Mambo marefu Oyugi aliyaandika kwenye daftari, ingawa mkono wake hutetemeka na hati yake haijawahi kusomeka hata alipokuwa mzima. Ya kila siku aliyabonyeza.

Basi nikawa na waume wawili. Mmoja kitini, kimya. Mwingine ndani ya kompyuta, anaongea. Nikiuliza swali, sikujua nimtazame nani. Wa kitini alinitazama, wa kompyuta akanijibu, na mimi nikajikuta namjibu huyu wa kompyuta nikimpa kisogo yule niliyefunga naye ndoa. Siku mchungaji alipokuja kutuona, alibisha hodi kwa upole na Biblia kwapani, na kompyuta ikamngurumia: "Funga mlango, baridi inaingia!" Mchungaji akaufunga akiwa upande wa nje. Ilinibidi nimfuate mpaka getini nimweleze habari za kipanya.

Lakini hayo yalikuwa ya kuchekesha. Lililoniuma ni jingine. Yule wa kompyuta alikuwa na adabu.

"Naomba maji, tafadhali." "Asante mama." "Pole na kazi." Miaka thelathini na moja Oyugi hajawahi kuniambia tafadhali. Mimi ni Mbukusu wa upande wa Kimilili, yeye ni Mjaluo wa Ugenya. Tulikutana hapa Eldoret, na kwa vile hakuna aliyekubali kujifunza lugha ya mwenzake, tukagombana kwa Kiswahili. Hatukuwa watu wa kuitana mpenzi. Sisi tulikuwa watu wa ufagio.

Mimi hufagia mara tatu kwa siku: asubuhi, mchana, na kabla ya jua kuzama. Jua likishazama sifagii, na taka haitoki nje ya nyumba yangu. Mama yangu alitufundisha kwamba anayetupa taka usiku anatupa na baraka zilizoingia mchana. Nikichelewa, taka naikusanya nyuma ya mlango, naifunika kwa ufagio, inalala hapo mpaka asubuhi. Oyugi aliona yote hayo ni wazimu. Nikifika kwenye kiti chake alisema, kwa sauti ya kiwandani, "Selpha, hii nyumba utaimaliza na ufagio!" Nami nikamwambia ainue miguu. Akakataa. Nikampiga kidogo kwa njiti za ufagio kwenye kifundo. Akainua mguu mmoja. Hivyo ndivyo tulivyosalimiana kila siku. Wengine huulizana umelalaje.

Alipotoka hospitali nilimwacha wiki mbili apone, kisha siku moja nikachukua ufagio, nikafika kwenye kiti chake, nikangoja. Akainua miguu yote miwili mara moja, kama mgeni. Halafu akabonyeza: "Asante mama."

Nilienda jikoni nikalia. Nilikuwa na hasira, tena hasira ya kweli, na sikuwa na wa kumkasirikia. Nilimshukuru Mungu kwamba Oyugi yu hai, na papo hapo nilimkosa kana kwamba amesafiri. Hata kicheko chake hakikuwepo. Akicheka sasa, mabega hutikisika tu, kama mtu aliyepakiwa kwenye trekta, na hakuna kinachosikika. Arobaini na tatu zile, na hakuna aliyekumbuka kurekodi kicheko.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa nne, mvua ndiyo imeanza. Kompyuta ilikuwa imezeeka na kupumbaa. Oyugi akibonyeza CHAI, ungeweza kuchemsha chai, kuichuja na kuimimina kabla haijatamka. Kisha kikatokea kijisanduku cha Kiingereza kikisema nafasi imejaa. Nikampigia Marion simu jioni alipotoka kazini.

"Mum, hiyo si kitu," akasema. Nilisikia magari nyuma yake. "Futa tu vitu ziko double. Kuna picha zangu nyingi huko, zingine ziko mara mbili mbili. Ukimaliza, u-empty ile bin ya takataka iko kwa kona. Usisahau, sababu usipomwaga hiyo, space hairudi."

"Vitu ziko mara mbili," nikarudia, ili nisikosee.

"Eeh. Unabakisha moja, unatoa moja."

Kufuta na kumwaga taka. Mwishowe kompyuta ilikuwa imeomba kitu ninachokijua. Oyugi alikuwa ameenda kulala kidogo. Tangu upasuaji huchoka mapema. Niliweka ugali motoni, nikaketi mahali pake, nikaanza kutafuta.

Nikafungua folda ya manjano iliyoandikwa SAUTI YA BABA, nikashtuka. Maneno yote yaliyokuwa mbele, usoni, yalikuwemo humo tena. MAJI, CHAI, TUOMBE, MIWANI. Yote! Mara mbili, kama alivyosema Marion. Nikajiuliza: kati ya hivi viwili, kipi kibaki? Mtu yeyote mwenye akili angebakisha vile vya mbele, ambavyo Oyugi anavitumia kila siku, na kuondoa vile vilivyorundikwa stoo. Hata vyombo ni hivyo. Vikombe vya kila siku hukaa kwenye rafu, na vile vilivyo ndani ya sanduku chini ya kitanda ndivyo unavyogawia watu.

Sikuvihesabu. Hilo si kawaida yangu, lakini nilisikia ugali unaanza kushika chini. Nikavichagua vyote kwa pamoja jinsi Marion alivyonionyesha, nikafuta. Vikapotea. Vile vya mbele vikabaki mahali pake, arobaini na vitatu, safi, kwenye mistari. Kapu la taka kwenye kona, ambalo lilikuwa tupu, likaonyesha karatasi zimejaa.

Kilichobaki ni kumwaga. Nikapeleka kidole, kisha nikatazama dirishani. Giza lilikuwa limeingia. Taa ya kwa jirani yetu Jebet ilikuwa imewaka. Najua, najua. Kompyuta haina baraka za kutupwa. Nilijiambia hivyo kwa sauti. Lakini mkono ulikataa. Nikasema taka ikae, nitaimwaga asubuhi pamoja na zile nyingine, nikafunga kompyuta nikaenda kuokoa ugali.

Asubuhi Oyugi alikuja mezani, akafungua kompyuta, akabonyeza CHAI.

Kijisanduku kikatokea. Kiingereza chake kilisema kitu hiki kimebadilishwa au kimehamishwa. Oyugi akabonyeza tena. Kijisanduku. Akabonyeza MAJI. Kijisanduku kile kile. NDIYO, HAPANA, NAUMWA. Alibonyeza kijipicha kimoja baada ya kingine mpaka mstari wa mwisho, na kila kimoja kilikuwa mahali pake, na jina lake, na kimshale chake, na hakuna hata kimoja kilichosema neno.

Akanigeukia. Akafungua mdomo. Mazoea ni mabaya, alisahau. Upepo ukatoka kwenye tundu la shingo, ukipiga mluzi mdogo, basi.

Hapo ndipo nilipoogopa. Mpaka wakati ule nilikuwa nimeichukia sauti ya kompyuta kwa adabu zake, na sasa nikaelewa kwamba ilikuwa ndiyo iliyobaki. Kama imepotea, ingerekodiwa wapi tena? Mwenyewe hakuwa nayo. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na mimi ndiye niliyekipiga kibuyu teke.

Nikampigia Marion. Simu haikupatikana. Anafanya kazi kiwandani, na simu zao huachwa getini mpaka mapumziko ya saa saba. Nikapiga mara kumi na tisa. Oyugi akavuta daftari akaandika kwa herufi kubwa: ULIFANYA NINI?

"Nilisafisha tu," nikasema. "Nilitoa vile vya ndani. Hivi vya mbele sikuvigusa. Si unaviona? Sikuvigusa!"

Aliviona. Hilo ndilo lililonivuruga kichwa. Vitu vipo, ninavitazama, na havipo. Nikafikiri na kufikiri, mpaka nikapata jibu ambalo niliona ni la maana sana: nimefanya kazi nusu. Marion alisema nifute, kisha nimwage. Mimi nilifuta nikaacha kumwaga. Kompyuta imeshikilia taka tangu jana, itasemaje na mdomo umejaa? Ni lazima imwagwe ndipo ifunguke.

"Ngoja," nikamwambia Oyugi. "Nimejua."

Nikaenda kwenye kapu, nikabonyeza upande wa kulia, nikachagua kumwaga. Kompyuta ikaniuliza swali. Kiingereza changu ni cha darasa la nane, lakini nikalisoma neno kwa neno: je, una uhakika unataka kufuta milele vitu hivi arobaini na vinne?

Neno milele lilinishtua. Lakini lililonishika mkono ni ile hesabu.

Arobaini na vinne? Nikahesabu vijipicha vya mbele, kwa kidole, kwenye kioo. Arobaini na vitatu. Nikahesabu tena kutoka chini kwenda juu. Arobaini na vitatu. Nikamwambia Oyugi ahesabu. Akahesabu kwa kalamu, akaandika 43 kwenye daftari, akapiga mstari chini. Kama nilitoa vya ndani vilivyokuwa sawasawa na vya mbele, huyu mmoja alitoka wapi? Mtu akirudisha viti arobaini na vinne na kanisa lilichukua arobaini na vitatu, hata kama ni faida, unasimama unauliza ni kiti cha nani.

Nikabonyeza Hapana. Nikatoka na patipati miguuni, kwenye matope, nikaenda kwa Jebet.

Jebet ni mwalimu wa kompyuta kwenye shule moja ya sekondari upande wa Soy, na kwa bahati shule zilikuwa zimefungwa. Nilimkuta anakamua. Sijui nilimwambia nini, kwa maana aliacha ng'ombe wake na ndoo nusu, akanifuata na mikono bado ina maziwa. Alifikiri Oyugi amezirai. Alipomwona amekaa kitini akapumua, akajifuta mikono kwenye leso, akaketi mbele ya kompyuta.

"Mama Marion, niambie pole pole. Usiruke kitu. Jana ulifanya nini?"

"Nilisafisha."

"Ulisafisha aje?"

"Vitu zilikuwa mbili mbili. Nikatoa moja, nikaacha moja."

"Ulitoa gani?"

"Za ndani. Za mbele nikaacha, si ndizo anatumia?"

Jebet akafunga macho. "Woi, Mama Marion. Hizi za mbele si sauti. Unaona haka kamshale? Hii ni shortcut. Ni njia tu. Inaonyesha kompyuta sauti iko wapi. Sauti yenyewe ilikuwa huko ndani."

"Lakini ilikuwa inaongea ukiibonyeza hapa."

"Ilikuwa inakimbia huko ndani kwanza. Sikia. Kuna ile njia inakatia kwa ploti ya Muchiri kwenda dukani, sindio? Sasa mtu akibomoa duka, njia itaenda?"

"Njia itabaki."

"Na wewe ukiifuata, utafika wapi?"

Nikamtazama Oyugi. Njia ile naijua. Imekanyagwa mpaka nyasi hazioti. "Kwa kiwanja tupu," nikasema.

"Sasa ndio hiyo." Jebet akashusha sauti. "Na hii takataka uliimwaga?"

"Bado."

"Bado?" Aligeuka kabisa kwenye kiti. "Tangu jana? Mbona hukumwaga?"

Niliona aibu, mbele ya mwalimu. "Jua lilikuwa limezama. Mama alitukataza."

Jebet alinitazama mimi, akaitazama kompyuta, akamtazama Oyugi. Na Oyugi, ambaye kwa miaka thelathini na moja ameniita mwendawazimu kwa jambo hilo hilo, akaanza kutikisika mabega.

"Mama yako alale salama," Jebet akasema. "Kama ungemwaga, hata mimi singeweza kukusaidia."

Akafungua kapu. Yote yalikuwa humo. Akayachagua, akayarudisha, na sekunde chache baadaye akamwonyesha Oyugi kwa kidevu: jaribu. Oyugi akabonyeza MAJI. Kompyuta ikafikiria, ikafikiria, kisha ikasema, "Naomba maji, tafadhali." Nilikimbia nikaleta maji. Hakuwa na kiu, lakini alikunywa bilauri nzima kwa heshima yangu, nami nikasimama pale nikilia na kujifuta kwa aproni. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wahenga hawakuwa na Jebet kwa jirani.

"Na yule wa arobaini na nne?" nikauliza.

Jebet akateremka kwenye folda. "Iko hapa. Hii haina shortcut. Inaitwa KELELE." Akamtazama Oyugi. "Niifungue?"

Oyugi akainua mabega. Hakuijua.

Ilianza kwa maombi. "Baba wa mbinguni, tunakushukuru kwa chakula hiki na kwa mikono iliyokiandaa..." Sauti ya Jumapili, ya upole. Kisha nyuma yake kukasikika kitu: shwa, shwa, shwa. Kikakaribia. Maombi yakasita. Halafu ikatoka ile sauti ya kiwandani, ambayo sikuwa nimeisikia tangu Februari, na Jebet akaruka kitini.

"Selpha! Hii nyumba utaimaliza na ufagio! Huoni tunarekodi?"

"Rekodini!" Huyo ni mimi. "Vumbi litangoja mrekodi? Inua miguu."

"Siinui."

"Inua, Oyugi."

"Marion, unaona mama yako? Leo ndio siku yangu ya mwisho kuongea, na ananifagia!"

"Kaa na uchafu wako basi! Ukitoka hospitali utaukuta hapo hapo, unakungoja!"

Kisha Oyugi akacheka. Kicheko kilianzia chini, kikapanda, kikakwaruza, kikakohoa, kikaendelea. Marion alikuwa anacheka. Mimi nilianza kujizuia, unasikia kabisa ninavyojizuia, kisha nikashindwa. Tulicheka watatu mpaka mtu akagonga meza. Mwishowe sauti ya Marion: "Sawa, Baba, tuanze tena hiyo ya maombi." Ikakatika.

Nilikuwa nimesahau. Ilikuwa siku moja kabla ya hospitali, na nilifagia siku ile kwa sababu sikujua mikono yangu niiweke wapi. Sikukumbuka kabisa kwamba tulicheka. Nilikumbuka hofu tu.

Oyugi alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili. Jebet akasimama, akasema ng'ombe atakuwa amepiga ndoo teke.

"Usiende," nikamwambia. "Nionyeshe kwanza vile mtu anatengeneza hiyo njia."

"Shortcut? Wacha nikutengenezee tu, sema unataka gani."

"Nataka kutengeneza mwenyewe."

Akanikalisha. Bonyeza faili upande wa kulia. Orodha inafunguka. Teremka, tuma kwenye uso wa kompyuta. Nilikosea mara mbili. Mara moja nilikaribia kuifuta tena, na Jebet akanishika mkono kama mtoto anayegusa sufuria. Mara ya tatu kikatokea kijipicha kipya mbele, na kimshale chake. Nikabadilisha jina. Nikaandika UFAGIO, kwa kidole kimoja. Kisha nikakivuta kutoka kwenye mistari ya wenzake nikakiweka katikati, peke yake, mahali ambapo hata mkono unaotetemeka hauwezi kukikosa.

"Na hii ya ndani siigusi," nikasema.

"Hata ikiwa mara kumi," Jebet akasema, akaenda kwa ng'ombe wake.

Saa saba Marion akapiga, anahema, ameona simu kumi na tisa. Nilimweleza. "Hiyo KELELE?" akasema. "Mum, hiyo nilidhani nilifuta. Ilikuwa imeharibika, ni fujo tu." Nikamwambia asinifundishe fujo, mimi nimeishi nayo miaka thelathini na moja.

Tulikula. Oyugi alibonyeza ASANTE MAMA baada ya kula, na mara hii nilimwachia. Kisha nikaosha vyombo, nikavihesabu, nikachukua ufagio. Sebule ilikuwa safi. Niliifagia asubuhi, katikati ya msiba wangu, bila hata kujua. Nikaanzia mlangoni, nikapita chini ya meza, nikafika kwenye kiti chake, nikasimama.

Oyugi aliitazama miguu yake. Akanitazama. Akaanza kuinua ule wa kulia, kwa adabu, kisha macho yake yakaenda kwenye kioo, pale katikati. Akaurudisha mguu chini, taratibu. Akabonyeza mara mbili.

Ilichelewa, kama kawaida yake. Maombi yakaja kwanza, kisha shwa, shwa, na mimi nikafagia pamoja na ule ufagio wa ndani ili tusipishane. "Selpha! Hii nyumba utaimaliza na ufagio!" Nilikuwa na jibu tayari, lakini yule Selpha wa kompyuta akaniwahi, kwa hiyo nikanyamaza nikamwacha aseme, na akasema vizuri. Kisha kicheko kikaanza. Kilitoka kwenye kompyuta, na papo hapo mabega ya Oyugi yakaanza kutikisika kitini, na kwa mara ya kwanza tangu Februari mabega yale yalikuwa na sauti yake.

Ilipokatika nikamgusa kifundo kwa njiti za ufagio, nikamwambia ainue miguu.

Akakataa.